Siku Bibiana Alipomfunga Mtani Wake

Msiba wa Kibirizi usio na Bibiana ulihesabiwa kuwa haujaiva. Watu walilia na masufuria yalipanda mafigani, lakini kila mmoja alikuwa akiitupia jicho njia ya mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakoshushia dagaa, kuona kama anakuja yule mama mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji cha jirani, na kamba ya katani begani. Kamba ilikuwa ya kumfungia Bonifasi, mtani wake. Akishafika, hata kabla maiti haijatolewa ndani, Bibiana alimtafuta katikati ya wanaume, akamfunga mikono, akaanza kumnadi.

"Jamani, Mrundi anauzwa! Alikuja kwa miguu, mbavu nje, amekula muhogo wetu, mtazameni anavyong'aa! Nani anamchukua? Halimi, haogi, kazi yake kupuliza taa!"

"Ninunueni upesi," Bonifasi alijibu, "nitoke mikononi mwa huyu Muha mchawi. Ananuka dagaa mpaka dagaa wenyewe wanamkimbia."

Hapo hata mfiwa alicheka. Mmoja alitoa kibaba cha dagaa, mwingine kipande cha sabuni, mwingine mkungu mdogo wa ndizi, na Bonifasi akawa amekombolewa. Kamba ilifunguliwa, vilivyopatikana vikapelekwa jikoni kwa wafiwa, na maziko yakaendelea.

Utani huo haukuwa wa kuzaliwa. Bonifasi aliingia Kigoma mwaka wa sabini na mbili, kijana wa miaka ishirini, pamoja na wale waliovuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao, na kitu pekee alichokuja nacho kilikuwa shati alilovaa. Alijifunza kutengeneza karabai, zile taa za kupampu ambazo mitumbwi ya Kibirizi hubeba ili kuwavuta dagaa juu, na kwa miaka ishirini na mitano hapakuwa na mtumbwi ulioingia ziwani bila taa iliyopita mikononi mwake. Hakuoa. Alisema zile taa zinamfokea kutwa nzima, zinamtosha.

Mwaka wa themanini na moja baba yake Bibiana alikufa kwa ugonjwa uliomvimbisha na kumtoa maji kwenye ngozi. Ndugu walisimama uani wakitazamana. Watoto wake wa kiume wawili walikumbuka ghafla kuwa wana safari. Bonifasi, ambaye alikuwa amekuja tu kurudisha taa, alivua shati, akaomba maji na kitambaa, akamwosha mzee kuanzia kichwani hadi unyayoni, kisha akashika jembe. Kwa desturi za huku, mtu aliyekuzikia wako kwa mikono yake ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu, nawe ukamtukana, na hakuna atakayekasirika mpaka kufa. Ndivyo walivyokuwa watani.

Bibiana alikuwa na sifa ya pili, na hiyo ilimletea kanga nyingi zaidi kuliko ile ya msibani. Alikuwa mpishi na mwimbaji wa kampeni za Eliakimu, mwenyekiti wao wa mtaa. Chaguzi tatu mfululizo, tangu enzi za chama kimoja, wali wa Eliakimu uliivia kwenye mafiga ya Bibiana, na nyimbo za Eliakimu zilitoka kinywani mwa Bibiana.

Katika uchaguzi wa mwisho pangeweza kutokea shida. Wafadhili fulani walikuwa wameleta saruji ya kujenga choo cha mwalo. Saruji ilishushwa mchana, watu wakaishangilia, ikafunikwa turubai. Masika moja baadaye turubai lilikuwa limelala chini kama ngozi ya nyoka, na Eliakimu alikuwa na duka kule Bangwe lenye sakafu ya kujitazama uso. Mkutanoni alisimama Telesphory, mwalimu mstaafu, mtu mkavu aliyekuwa akigombea nafasi hiyo hiyo, akauliza swali moja tu: choo kiko wapi?

Bibiana hakumwacha amalize. Alidaka hewani:

"Mwalimu chaki imemwishia, sasa anaandika kwa mate!"

Wanawake wakaitikia, vigelegele vikapanda, mtu akapiga debe. Telesphory alisimama pale na karatasi yake mpaka akaikunja. Walipoambiwa wanyooshe mikono, iliyonyooka kwa ajili ya Telesphory haikujaza hata kivuli cha mwembe mmoja. Iliyobaki ilinyooka kwa Eliakimu, kisha ikashuka kwenda kunawa, maana wali ulikuwa tayari.

Wala hawakudanganywa. Ile sakafu waliiona wote. Walikwenda kununua chumvi pale, na walivua kandambili mlangoni wasiichafue.

Choo hakikujengwa. Aliyebanwa alizunguka nyuma ya mitumbwi au aliingia mateteni, hatua kumi kutoka pale wanawake walipochota maji ya kunywa. Bibiana mwenyewe alikwenda huko huko kila alfajiri kwa miaka mingi, akachota hapo hapo, na hakuona ajabu.

Kipindupindu kilishuka mwaka wa tisini na saba. Huo ulikuwa wakati ambao Kigoma ilifurika watu: Wakongo waliovuka ziwa kwa maboti yaliyojaa hadi ukingoni, Warundi waliovuka mto na misitu, kambi juu ya kambi. Mtaani kwao walikufa watu kumi na wanne ndani ya wiki tatu. Wa kumi alikuwa Happiness, mjukuu wa Bibiana, mwenye miaka minne. Asubuhi alikula ugali na dagaa akaomba nyongeza. Saa sita alikuwa akitoa maji kama ya kuoshea mchele. Saa tisa macho yalizama, ngozi ya tumbo ukiivuta haikurudi, na sauti yake ikawa ya bibi kizee. "Bibi, maji," alisema. Bibiana alimpa kikombe baada ya kikombe, cha maji yale yale.

Bonifasi ndiye aliyemzika. Siku hiyo hakuna aliyemfunga kamba.

Siku tisa baadaye Eliakimu aliitisha mkutano. Pembeni yake aliketi afisa kutoka mkoani aliyekuja na daftari na mgambo wanne, kwa sababu wakati ule serikali ilikuwa ikiwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, hata wale wa zamani. Lakini watu hawakuja kusikiliza habari za Warundi. Kabla Eliakimu hajafungua kinywa, mvuvi mmoja aliyezika watoto wawili alipiga kelele kutoka nyuma:

"Mwenyekiti! Choo kiko wapi?"

Telesphory aliketi mikono magotini. Swali lake la zamani lilirudi kwa sauti ya mtu mwingine, na safari hii hakuna aliyeimba. Eliakimu alijifuta shingo. Macho yalianza kutembea, yakatoka kwa Eliakimu yakaenda kwa Bibiana, yakarudi, yakaenda tena.

"Ndugu zangu," Eliakimu alisema, "na mimi nawauliza. Kabla hawa wageni hawajatujazia mji, nani hapa alikuwa akifa kwa kipindupindu?"

Wazee waliokumbuka kipindupindu cha mwaka wa sabini na nane walitazama chini. Mabega ya wengine yakashuka, moja baada ya jingine, kama ya watu walioruhusiwa kutua mizigo.

"Kweli," alisema mtu.

"Wanajisaidia popote wale," alisema mwingine, aliyetoka mateteni asubuhi ile.

"Basi tusaidieni," alisema afisa. "Nani anajua wanakoishi?"

Kuchukia watu wasio na majina ni kazi nyepesi. Kutaja wa kwanza ni kazi nzito, na hakuna aliyetaka kuianza. Bibiana aliona macho yameanza kutembea tena kuelekea kwake. Akafanya jambo pekee alilojua kufanya mbele ya watu waliokaa vibaya. Alisimama, akafungua kanga yake ya kiunoni, akamwendea Bonifasi, akamzungushia mikononi.

"Jamani, Mrundi anauzwa!"

Kicheko kililipuka. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvipata msibani. Bonifasi alicheka pia; alikuwa amekwisha kunyoosha mikono kabla kanga haijamfikia.

"Leo kanga, mtani?" alisema. "Kamba umeila?"

Afisa hakucheka. Si kwamba hakujua utani. Nani katika nchi hii asiyejua utani? Alisubiri wanyamaze, akafungua daftari, akauliza kwa upole kabisa:

"Ni Mrundi au si Mrundi?"

Bibiana alibaki ameshika ncha ya kanga.

"Ni Mrundi," ilijibu sauti ya nyuma. "Si amesema mtani wake?"

"Ni utani, bwana mkubwa," alisema Bonifasi, bado akitabasamu. "Nina kadi ya chama. Huyu mwenyekiti nilimpigia kura mimi."

"Nimeuliza ni Mrundi au si Mrundi."

Safari hii hakuna aliyekuja na kibaba cha dagaa. Mgambo wawili walimshika makwapa. Walimfungua kanga wakamrudishia Bibiana, imekunjwa vizuri, wakamfunga kamba yao.

Asubuhi yake waliokusanywa waliketishwa katika uwanja wa shule, juani, mistari kwa mistari, lori likisubiri. Telesphory alikuwa amefika mapema akijua taratibu, maana alikuwa mtu wa taratibu. Alizungumza na afisa, akapata jibu: wakazi wawili watie saini kwamba mtu huyu ameishi hapa tangu zamani na wanamdhamini, mwenyekiti agonge muhuri, mtu aachiwe. Telesphory alitia saini yake. Kisha akamfuata Bibiana mwaloni, akamkuta anageuza dagaa mchangani.

"Saini moja tu, mama. Ya kwako wataiamini kuliko zote, kwa kuwa wewe ndiye uliyemtaja."

"Sikumtaja, Mwalimu. Nilimtania."

"Basi njoo useme hivyo."

Alikwenda. Mikono ilikuwa bado na magamba. Mezani palikuwa na karatasi, kalamu, na Eliakimu aliyeshika muhuri wake kama mtu asiye na kinyongo na yeyote. Alimvuta Bibiana pembeni kidogo.

"Saini, dada yangu, sikukatazi. Muhuri huu hapa."

"Nitasaini."

"Saini. Ila fikiri kidogo. Bonifasi akirudi, wenzake nao watapata wa kuwadhamini, watarudi. Jioni watu watauliza tena: kama si hawa, ni nani? Mimi nitawaambia nilichaguliwa. Watauliza, uliimbiwa na nani? Walikula kwa nani?" Akashusha sauti, karibu ya huruma. "Na wewe mwenyewe, usiku ukilala, utajiambia Happiness kauawa na nani?"

Bibiana aliishika kalamu, akaitazama. Ilikuwa ya kawaida, ya buluu, kifuniko kimetafunwa. Akaona kikombe cha bati mdomoni mwa mtoto. Akajiona mwenyewe katikati ya uwanja, mikono juu, mate ya wimbo yakimruka, na watu wote wakimwitikia. Vitu hivyo viwili vilikuwa vimekaa mbali siku zote. Sasa vilikuwa vikisogeleana, na kilichovitenganisha kilikuwa watu walioketi pale juani na kamba mikononi. Kama wao hawakumwua mtoto, basi...

Hakumaliza wazo hilo. Kuanzia siku ile hakulimaliza kamwe.

"Mtani!" Bonifasi aliita kutoka mstari wa pili. Midomo ilikuwa imepasuka, lakini alijitahidi. "Njoo unikomboe basi, jua linaniua! Au bei imepanda?"

Watu waliokuja kutazama walicheka kidogo, wakamtazama Bibiana wasikie atajibu nini. Alikuwa hajawahi kushindwa kujibu.

"Mama," afisa aliuliza, "unamfahamu mtu huyu?"

"Namwona misibani," alisema Bibiana.

"Alitoka wapi?"

"Alikotoka mimi sikujui."

"Bibiana!" alisema Telesphory. "Alimwosha baba yako!"

"Mwalimu, usinipigie kelele. Mimi nimefiwa."

Akaiweka kalamu juu ya karatasi, taratibu, isije ikadondoka. Eliakimu alikwisha kurudisha muhuri kwenye kiboksi chake.

Bonifasi alikuwa amesikia yote. Uwanja haukuwa mkubwa. Tabasamu lilichelewa kuondoka usoni, kama mgeni asiyejua kuwa watu wamekwisha kulala. Walipomsimamisha apande lori, alipita karibu na meza. Kwa miaka kumi na sita hawakuwahi kusalimiana kwa adabu. Watani hawaamkiani, hutukanana. Bonifasi aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kulikuwa na watu. Bibiana hakuweza kukaa kimya.

"Marahaba."

Lori liliondoka kwa kishindo, likipanda mlima, na vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu. Telesphory alichukua ile karatasi yenye saini moja akaondoka bila kumuaga mtu.

Bibiana alirudi mwaloni. Wanawake walimpisha, wakamletea kigoda, mmoja akamkamatia reki amgeuzie dagaa zake. Walimpa pole ya mjukuu, upya kabisa, kama mtoto amefariki leo. Mzee mmoja alimwambia ametenda la kishujaa. Kuna watu wana mtaa moyoni, alisema, na wengine wana maneno tu. Bibiana alisikiliza. Kadiri walivyosema ndivyo kifua kilivyolegea, na baada ya muda aliweza kuvuta pumzi nzima. Chini pale, nyuma ya mitumbwi, mtu alikuwa amechutama, na wasichana wawili walikuwa wakijaza ndoo.

"Mama Bibiana," alisema yule aliyeshika reki, akisogea karibu, "na yule mke wa Heritier kule Bangwe, yule wa Kongo anayeuza mawese. Si naye alikuja juzi juzi tu?"

Bibiana alijua kwamba mwanamke yule alizaliwa Ujiji. Alikuwa amecheza ngoma kwenye harusi yake.

"Nyumba ya tatu kutoka msikitini," alisema. "Mlango wa kijani."