Amana ya Mama wa Maziwa

Kitengela ya miaka ya tisini, baba yangu hakuwa na jina. Alikuwa Muislamu, basi. "Kamwite Muislamu," watu walisema walipokuwa na ng'ombe wa kuchinja, kana kwamba duniani yuko mmoja tu. Mama akawa Mama Muislamu, na mimi shuleni nikawa Kaislamu. Kwetu ni Mumias, ambako Waislamu ni wengi na hakuna anayeshangaa kuwaona, kwa hiyo jina hilo kwanza lilinichekesha, kisha likanikera, mwishowe nikalizoea.

Kazi ya baba ilikuwa kuchinja. Wenye bucha karibu wote walikuwa Wakristo, wachunaji Wakristo, walaji Wakristo, lakini kisu cha kwanza sharti kishikwe na Muislamu ili nyama iuzike kwa kila mtu. Hata harusi za kanisani na harambee za shule alikuwa akiitwa. Alimlaza mnyama, akamwelekeza Kibla, akataja jina la Mungu, akamaliza, akanawa mikono na kwenda zake kabla wimbo wa kwanza haujaimbwa. Mara moja mwenye bucha mmoja alimsihi achinje fahali aliyekuwa amekwisha kufa ndani ya lori. Baba alifunga kisu chake ndani ya gunia akarudi nyumbani kwa miguu, na wiki ile hakuitwa kazini. Habari ilienea hadi Isinya. Tangu siku hiyo ukisema umetoka kwa Muislamu, watu walikuamini hata hujafungua mdomo.

Alasiri alikuwa akinoa visu nyuma ya nyumba. Kwanza alifukuza kuku, kwa sababu Mtume alikataza mnyama kuonyeshwa kisu kinachomngoja. Kisha alikaa kwenye kigoda, akaanza kunoa, na huku akinoa akanisimulia maisha ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na kichwa chake na jiwe lake la kunolea. Nilimjua Mtume nikiwa darasa la tatu kuliko nilivyowajua wajomba zangu: yatima aliyezaliwa baba yake amekwisha kufa, aliyenyonyeshwa jangwani na mama wa maziwa, aliyechunga kondoo wa watu wa Makka, aliyefanya biashara ya mwanamke tajiri bila kumwibia hata senti mpaka mwanamke mwenyewe akataka kuolewa naye.

Lakini kisa alichokipenda baba ni cha amana. Kabla hata hajapewa utume, watu wa Makka walimwita Al-Amin, Mwaminifu. Walipomgeuka kwa sababu ya dini, wakamtukana, wakawatesa wafuasi wake, vitu vyao vya thamani waliendelea kuviweka kwake. Hapo baba alikuwa akisimamisha jiwe. "Umeelewa? Wanataka kumuua, lakini dhahabu yao iko kwake!" Alicheka peke yake, akafurahi kama mtu aliyekuwepo. Na usiku ule walipozingira nyumba na panga, naye ikambidi ahame kwenda Madina, alimwacha binamu yake nyuma, kijana anayempenda, katika hatari ile, arudishe kila kitu kwa aliyekiweka. Baba alisema hiyo ndiyo dini, mengine yote ni matawi.

Nilimwamini. Nilikuwa nikisikia kisa hicho najiona nina baba wa aina yake.

Maziwa tulinunua kwa mama mmoja wa Kimaasai aliyekaa ng'ambo ya reli, upande wa kuelekea mto. Alikuwa mrefu, mkavu, na mcheshi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Nilimwita yeyo, mama, kama watoto wake walivyomwita. Asubuhi mimi ndiye niliyetumwa kumpokea mlangoni na sufuria. "Takwenya," alinisalimu, nami nikajibu "Iko" kwa sauti kubwa, kwa sababu nikiitikia chini alikuwa anasema Waluhya kama mimi wamekula ugali ukawaziba koo.

Huyo ndiye niliyemsimulia Mtume. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye mdomo usiolala. Alipenda hasa habari za mama aliyemnyonyesha.

"Na huyo Mtume yenu alikuwa na ng'ombe?" akaniuliza siku moja.

"Alichunga kondoo na mbuzi, yeyo."

Akafikiri kidogo. "Si mbaya. Huyo ni mtu yetu."

Siku nyingine nikampa kile kisa cha amana, na nikaongeza chumvi yangu mwenyewe. Nikamwambia hata baba yangu yuko hivyo. Kwamba ukimwekea kitu, hata ukimtukana, kiko salama. Hakucheka siku hiyo. Aliniuliza tu kama ni kweli, nikamwapia.

Wiki hiyohiyo alikuja alasiri, bila maziwa. Baba alikuwa kwenye kigoda chake. Yeyo alitoa chini ya shuka mfuko wa nailoni wa sukari, na ndani ya mfuko hati ya ardhi. Ranchi ya kikundi, waliyoimiliki wote pamoja, ilikuwa imegawanywa, kila mwanamume akapata taito yake, yaani hati yake, na mabroka wa ardhi wakaingia. Mume wake alikuwa amekwisha kuuza vipande viwili. Hiki kilikuwa cha mwisho, chenye nyumba yake, zizi lake na makaburi ya watoto wake wawili.

"Niko na hii moja tu," alisema. "Mzee akipata hii, tumeisha. Ndugu zangu watatoka Ewuaso Kedong, tukae na wazee, tuongee na yeye. Weka mpaka wakuje. Mtoto yako amesema unawekanga kama Mtume."

Baba alinitazama. Sijui kama alijivuna au alitishika. Alimwita mama kutoka jikoni awe shahidi, akaipokea hati kwa mikono miwili, akasema, "Mama, hii ni amana. Hakuna mtu atagusa." Akaiweka katika sanduku la bati chini ya kitanda, mahali alipoweka sanda yake ya kuzikiwa. Kesho yake yeyo alitaka kutupa maziwa bure, baba akakataa katakata. Amana hailipwi, alisema, na nikamwona mkubwa kuliko kichinjio chote.

Mume alitafuta. Tulisikia amepindua kila kitu nyumbani, hata vibuyu. Yeyo aliendelea kuleta maziwa, safari nyingine jicho limevimba, akisema ni ndama amempiga teke. Ndugu zake walikuwa wamekwenda mbali na mifugo kutafuta majani, maana mvua ilikuwa imekataa. Ilibidi kungoja.

Sasa, wakati huo Waislamu wa Kitengela hatukuwa na msikiti. Tulisali katika chumba cha kukodi nyuma ya posho mill, imamu akisoma huku mashine inanguruma na unga unatudondokea kama tunapikwa. Mwenye chumba akatupa notisi. Kamati ikahangaika huku na huku, na baba alikuwa katika kamati. Kila walipopata kiwanja, majirani walipinga, au mwenye kiwanja alibadilisha mawazo baada ya kwenda kanisani. Nilimsikia baba akimwambia mama kwamba anawachinjia mji mzima na hana mahali pa kuwekea paji la uso.

Ijumaa moja baada ya sala walikuja nyumbani watu wanne. Wawili wa kamati ya msikiti. Broka mmoja mwenye mkoba na maneno matamu. Na mume wa yeyo. Nilikuwa nikianika nguo, nikasogea karibu. Broka ndiye aliyeongea. Alisema mzee huyu amejua karatasi yake iko hapa, hana ubaya na mtu. Anataka kuuza, mnunuzi yuko tayari, na kwa sababu anaheshimu dini, kwenye kona ya shamba ile iliyo karibu na barabara atawaachia Waislamu kiwanja cha msikiti. Bure. Kwa maandishi.

Wale wa kamati walimtazama baba na nyuso za watu waliokwisha kuona mnara.

Baba akaniita. "Leta ule mfuko sandukuni."

Nilijua ni nini. Nataka niliseme wazi hili, kwa sababu nimeshawahi kujidanganya kwamba sikujua. Niliingia, nikapiga magoti, nikainua sanda, nikauchukua ule mfuko wa sukari. Nilipofika mlangoni nikasema, "Lakini baba, si hii ni ya yeyo?"

"Jina lililoandikwa ni la nani?" akasema. "Soma."

Nikasoma. Lilikuwa jina la mume.

"Basi," baba akawaambia wageni. "Namrudishia mwenyewe."

Mbele ya watu wazima wanne alinifanya mimi kuwa hakimu wake. Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume pale pangoni, soma, baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na siku ile alilitumia kufungia mdomo wangu. Mama alikuwa amesimama jikoni. Alikuwa shahidi, na hakuulizwa.

Yeyo aliendelea kuleta maziwa wiki mbili nzima bila kujua. Kila asubuhi nilishika sufuria, nikaitikia "Iko" kwa sauti ya chini, na akanitania habari za ugali. Sikumwambia. Nilitaka baba amwambie, na baba siku hizo aliondoka mapema kuliko kawaida.

Alijua alipowaona wapima ardhi wakipiga vigingi karibu na zizi lake. Alikuja kwetu mchana. Nilidhani atapiga kelele, majirani wajae, na ningependa afanye hivyo. Alisimama tu mbele ya kigoda cha baba.

"Mimi nilikupatia wewe," alisema. "Si mzee. Wewe."

"Mama, nimerudisha kwa mwenye jina. Hata serikali—"

"Mimi siulizi serikali."

Baba akaangalia jiwe lake. Yeyo akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Na wewe ulisema," akaniambia, akaenda.

Hatukunywa maziwa tena mwaka ule. Mama hakugomba na hakueleza, aliweka tu strungi, chai isiyo na maziwa, mezani asubuhi na jioni, na baba aliinywa bila kuuliza. Nyumba ya yeyo ilibomolewa kabla ya mvua. Walisema amerudi kwa ndugu zake. Mume alinunua pikapu, akaiendesha miezi michache, ikafa, na baadaye alionekana akilinda geti la mtu mwingine kwenye ardhi iliyokuwa yake.

Msikiti ulijengwa, kwa mawe yaliyochongwa palepale Kitengela. Ulipofunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Mwaka huo tulifanya Maulidi yetu ya kwanza chini ya paa letu wenyewe, pilau ikapikwa nje, hata wenye bucha wakaja kula. Baba ndiye aliyepewa kusimulia maisha ya Mtume. Nilikaa upande wa wanawake nyuma ya pazia, nikamfuata neno kwa neno kama zamani. Uyatima, jangwa, kondoo, biashara. Akafika usiku wa kuhama. Panga zimezingira nyumba, binamu yupo kitandani, Mtume anatoka. Kisha, moja kwa moja, pango la kujificha njiani.

Alikuwa ameruka amana.

Mtoto mmoja akauliza kwa nini huyo binamu hakuondoka naye. Nilishika pazia. "Alibaki alale kitandani," baba akasema, "maadui wasijue." Ni kweli, lakini ni nusu. Kile kisa kilichokuwa kikimchekesha peke yake, sijakisikia tena kinywani mwake tangu siku ile.

Hata hivyo nilimtetea. Nilipokuwa mwalimu, watu wakizungumza habari za mashamba ya Kajiado, moyoni nilikuwa na hoja zangu tayari. Baba hakusoma shule. Aliona jina, akadhani mwenye jina ndiye mwenye amana. Alikosea, hakusaliti. Niliishi na hoja hizo karibu miaka kumi, na zilinisaidia kula naye Idi.

Kisha shule yetu ikaenda michezoni Ewuaso Kedong. Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nikitafuta ndizi za watoto nilipomwona yeyo ameketi nyuma ya vifungu vya magadi na ugoro, amezeeka, mgongo umenyooka vilevile. Nilitaka kupita. "Takwenya," akasema. Alikuwa ameniona kabla mimi sijamwona.

"Iko," nikajibu, na machozi yakanitoka hapohapo mbele ya wateja.

Alinikalisha juu ya gunia. Akauliza habari za mama, akauliza habari za kazi, akauliza nimeolewa na watu gani. Kuhusu baba hakuuliza. Nikamwomba msamaha, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. "Ulikuwa mtoto." Nikaanza kumweleza zile hoja zangu, kwamba baba hakuelewa, kwamba aliona jina tu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimpimia mtu ugoro.

"Kuna kitu nafikirianga," akasema. "Wale watu walikuwa wanawekea Mtume yenu vitu. Wakati alihama, hizo vitu zilirudi kwa nani?"

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Kwa waliomwekea, yeyo. Kila mtu alirudishiwa chake, hata wale waliotaka kumuua."

"Na babako alijua hiyo?"

"Ndiye aliyenifundisha," nikamwambia.