Hodi Kwenye Kasri la Mjomba

Mimi ni mtoto wa Badjanani, Moroni, na tangu udogoni siwezi kupita mlango uliofungwa bila kutaka kujua kuna nini nyuma yake. Kwa hiyo likizo moja kwa bibi huko Mutsamudu, kisiwa cha jirani, enzi zile mamluki wa Kizungu walipoishika nchi mkononi, mjomba alipofika kutoka Marseille na mashine ya michezo ya video, nilipagawa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mchezo ulikuwa mmoja tu: kijitu chekundu kisicho na pua kinazurura ndani ya kasri kikitafuta chumba cha mwisho. Jumamosi mjomba angeondoka na mashine yake.

Bibi, ambaye tulimwita koko, alikaa nyuma yangu akichambua mchele, kumbe macho yake yapo kwenye televisheni.

"We mtoto! Unaingia nyumba ya watu hivi hivi?"

"Koko, huu ni mchezo."

"Mchezo ndiyo uingie bila hodi? Huko Moroni hamfunzwi?"

Basi ikawa kila mlango lazima nisimame, nipige hodi kwa sauti, nisubiri. Nikiwa nasubiri, walinzi wa kasri wanakuja kunimaliza. Sidhani kama kuna mchezaji aliyekufa mara nyingi kama mimi kwa sababu ya adabu. Siku hizi wanangu wanacheza michezo yenye milima na mito isiyo na mwisho, na wananicheka kwa kuwa nikifika mlangoni bado nasimama. Wacha wacheke. Mlima hauniiti kama mlango unavyoniita.

Na mlango ulionikera kuliko yote haukuwa kwenye televisheni. Ghorofani kwa koko kulikuwa na kabati zito, na nyuma yake njia iliyovuka juu ya uchochoro hadi nyumba ya dada yake. Nyumba nyingi za mji wa kale ziliunganishwa hivyo, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Lakini mtoto wa kiume wa dada yake alikuwa ameingia kwenye kikosi cha mamluki, akavaa sare nyeusi. Koko alisema neno, dada akajibu maneno kumi, kabati likasukumwa pale, na bakuli la dada aliloazima koko likabaki kwetu. Mwaka wa pili huo hawasemeshani. Iliniuma, maana yule naye ni bibi yangu, na nilikatazwa hata kwenda kumwamkia.

Ijumaa mchana nilikuwa nimekwama. Vyumba vyote nimevizunguka, cha mwisho sikioni.

"Hilo jumba lina wanawake?" koko akauliza.

"Yumo binti mfalme, koko."

"Anatokaje kwenda harusini? Apite mbele ya wanaume wote hao? Haiwezekani. Panda juu, papasa kuta."

Nikapanda. Nikausukuma ukuta wa ghorofa ya juu kabisa, kijitu changu kikapenya! Mjomba, aliyeucheza mchezo ule mwaka mzima bila kufika pale, alisogea hadi pua ikakaribia kugusa televisheni.

Ndani mlikuwa na taji linalometameta na muziki kidogo. Basi. Nilikuwa nimepiga hodi vizuri kabisa na hakuna aliyeitikia, binti mfalme mwenyewe hayumo. Safari yote ile, halafu chumba kitupu. Nililia, sioni aibu kusema.

Koko alinitazama, akaweka ungo chini.

"Njoo unisaidie," akasema.

Tulipanda ghorofani, tukalisukuma kabati sisi wawili, vumbi likatujaa puani. Koko akajifunga vizuri shiromani yake, ile nguo ya kujitanda akitoka nje, akapita hadi mwisho wa njia, akagonga.

"Hodi."

Tukasubiri. Kwa mazoea nikageuka nyuma kuangalia kama walinzi wanakuja.

"Hodi, dada," akarudia.

Komeo lilisikika likivutwa upande wa pili.

"Karibu," sauti ikajibu. "Na bakuli langu umekuja nalo?"