Siku Nilipowakaribisha Nyati kwa Ngonjera

Nyinyi mnaokohoa kwa makusudi kila mtu akitaja josho mbele yangu, haya, kaeni chini niwasimulie mwenyewe, maana kisa hiki kimekwisha kupita katika midomo mingi ya watu ambao siku ile hata hawakuwapo, na kila mmoja amekiongezea pembe. Aibu ni yangu, nimeivaa miaka yote hii, na ninajua inanibana wapi.

Miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Singida, lakini ualimu niliuona kama koti la kazini tu, kwani moyoni nilikuwa mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe ilikuwa haijafika sura ya pili (sura ya kwanza yote ilikuwa machweo ya jua juu ya yale mawe yetu makubwa, na jua lenyewe lilikuwa bado halijatua), ila tulikuwa vijana kadhaa tuliokutana kila Jumamosi kusomeana tulichoandika, tukisifiana mpaka chai inapoa, na kila mmoja wetu aliamini kwamba taifa zima limekaa linamsubiri.

Nilimpenda Magdalena, binti wa Mzee Ntandu wa Mwankoko, mtu wa mtama na ng'ombe, mfupi, mkimya, mwenye macho ya kumtazama mtu kama anayemkagua ndama mnadani. Nilipokwenda kujieleza kwake nilizungumza vizuri sana, nikataja upendo, nikataja ujenzi wa taifa, nikataja riwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "hiyo riwaya ikiisha, inafanya nini?"

"Inawaamsha watu, baba."

"Hapa kwetu jogoo wapo."

Hakukataa na hakukubali. Alisema kwao mkwe hutazamwa mbele ya mifugo, maana kwa mdomo kila mtu ni mwema. Na kwa kuwa ranchi moja ya serikali kule upande wa Manyoni ilikuwa imetangaza siku ya wananchi kwenda na familia zao kuwaona nyati waliokamatwa wadogo wakalelewa pamoja na ng'ombe (watu hawakuamini, walisema ni maneno ya redioni tu), Mzee Ntandu akakata shauri kwenda yeye, mkewe na binti yake. Nami niende. Tukirudi atanipa jibu.

Sasa lazima mjue jambo moja kuhusu mama mkwe. Kwa wakwe zangu hao, kijana anayeposa hamtazami mama wa binti usoni, hali chakula mbele yake, hakai naye ubao mmoja, wala hawazungumzi ana kwa ana. Kama pana la kusema, linapitia kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo katika lori la ranchi lililokuja kutuchukua mjini, Mama Magdalena alikaa nyuma kabisa, khanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, nami nikakaa mbele kabisa nikipigwa na upepo wa Singida ambao wenyewe mnaujua, huku nimeshika kola ya suti yangu nyeupe ya kuazima. Ndiyo, nyeupe. Kwenda kwenye zizi. Nilisema niwasimulie ukweli.

Magdalena alinivuta pembeni kabla hatujapanda. "Leo ni kusikiliza tu, umesikia? Hakuna kutoa karatasi."

"Karatasi gani?"

"Hiyo iliyo mfukoni."

Mfukoni nilikuwa na ngonjera ya beti kumi na mbili juu ya nyati. Nilimwapia sitaitoa. Na kama ningeiacha palepale nyumbani, leo ningekuwa mtu wa heshima.

Ranchi ilikuwa nzuri, nitasema haki. Uwanda wa majani makavu rangi ya simba, vichaka vimeusogelea pande zote, anga iko juu sana kama dari la kanisa la watu matajiri, na kule mbali bondeni, nyati: weusi, wazito, wametulia katikati ya ng'ombe kama mawe yaliyojifunza kula majani. Watu walisahau hata kuteremka. Watoto walikuwa wanapiga kelele mabegani mwa baba zao. Mzee Ntandu alitazama muda mrefu, halafu akasema, "Kumbe," na kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Wenye hotuba walikuwepo. Meneja wa ranchi, bwana mnene aliyevaa kofia ya jua, alituingiza ndani ya uzio mkubwa ulioachwa wazi upande wa bondeni, wenye kihori kirefu cha magogo cha kulishia mifugo katikati, akatuambia tusiogope, nyati hawa wamekwisha kuelimishwa, wameacha fujo za ukoloni. Mgeni rasmi akaitikia kwa kupaza mikono na kutupigisha kelele za kusifu nyati. Tulisifu. Kisha meneja akaanza kueleza taratibu za ranchi, moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile ya kusinzisha, na hapo ndipo mimi nilipoacha kusikiliza, kwa sababu nilikuwa natafuta kina. Katika ubeti wa saba nyati alikuwa ameshaketi kwenye kamati, akapata hati, akavaa shati, na bado nilihitaji neno moja zaidi la kuishia na "ti". Nilipolipata ("bahati", neno lililonikimbia maisha yangu yote), meneja alikuwa amemaliza, watu wanapiga makofi, na mimi nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Watu wakakaa kwa familia zao kula. Viazi vitamu, karanga, kuku wa kuchemsha. Mama Magdalena alinipa mgongo ili niweze kula, na mimi nikampa mgongo ili aweze kula, na Mzee Ntandu akakaa katikati akitutazama migongo. Nikaona siku inaisha, jibu linakuja, na mbele ya mifugo mimi sijafanya lolote zaidi ya kutafuna karanga. Nikajiuliza, mzee atakwenda kusema ameona nini kwangu? Meno?

Ndipo nikasimama. (Magdalena alinishika mguu wa suruali. Nikajinasua.)

Nikapanda juu ya ukingo wa kihori, nikatoa karatasi, nikaita, "Ndugu wananchi!" Hakuna aliyegeuka, upepo ulikuwa unakula sauti. Pembeni ya kihori palining'inia debe kuukuu kwenye nguzo, na chini yake rungu. Mnajua darasani tunavyonyamazisha watoto. Nikachukua rungu, nikaligonga debe kwa nguvu zangu zote, ko! ko! ko! na watu wote wakageuka kwa pamoja, midomo wazi, nami nikafurahi mno, nikasema moyoni, hii ndiyo nguvu ya fasihi. Nikafumba macho, maana shairi zuri husomwa kwa kichwa, nikaanza:

*Ewe nyati wa taifa, ulotoka msituni,*
*Ubepari umekufa, karibu sasa zizini!*

Na kila mwisho wa mstari nikaligonga debe kama ngoma.

Jamani, walikaribia. Debe lile ndilo lililokuwa wito wao wa chumvi. Kila siku likigongwa huja kihorini mbio, na meneja alikuwa ameeleza jambo hilo kwa kirefu, kwa kulirudia, akatuomba kwa unyenyekevu pasitokee mtu wa kuligusa. Watoto wadogo walikuwa wamemsikia. Mimi nilikuwa kwenye kamati na nyati wangu wa karatasi.

Nilihisi ardhi inatikisika nikadhani ni watu wanapiga miguu kwa furaha. Nikasikia kelele nikadhani ni vigelegele. Ubeti wa tatu ndipo vumbi likaniingia puani, nikafumbua macho. Wananchi wote walikuwa wamejazana kwenye lango moja, wanasukumana, na mgeni rasmi alikuwa tayari juu ya paa la lori (mpaka leo sijui alifikaje) anapaza sauti, "Wananchi, tulieni! Hakuna sababu ya kukimbia!" Na mbele yangu, nyeusi, pana, inayokuja mbio bila kujipamba, ilikuwa hadhira yangu.

"Kaa hapo hapo, mwalimu!" Huyo ni Mzee Ntandu, amesimama amejibanza kwenye nguzo ya kihori, bado ana kiazi mkononi. "Wanataka chumvi! Wewe hawakutaki!"

Kumbe kuna kauli inayoweza kumuumiza mwandishi hata anapokimbia kuokoa roho. Kwa maana nilikuwa nimeshatimua mbio. Lango lilikuwa limeziba kwa watu, nikaona njia nyembamba yenye magogo huku na huku, nikaingia humo kama mshale, nikasema hapa mnyama mkubwa hapiti. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikapasuka, kali, sauti ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu:

"Usiende huko, mwanangu! Mwanangu, huko ni joshoni!"

Nilisikia. Miguu ndiyo haikusikia. Ile njia ilikuwa ya kuwapitisha ng'ombe wakaogeshwe dawa ya kupe, nayo haina kona, haina mlango wa huruma, inakwisha ghafla kwenye shimo refu la saruji lililojaa maji rangi ya togwa iliyoharibika. Nikazama na suti yangu nyeupe, na kola, na ubeti wa saba bado kichwani. Nikaibuka upande wa pili natambaa kwa magoti na mikono, nimefuata desturi yote ya pale isipokuwa kulia "mooo", na hata hilo baadhi ya watu wanasema nililifanya.

Nyati? Nyati walifika kihorini, wakakuta hakuna chumvi, wakasimama wakashangaa. Dume mmoja akaokota ngonjera yangu niliyoiangusha, akaitafuna taratibu, akaitema. Huyo ndiye mhakiki wangu wa kwanza, na sijapata mkweli zaidi yake.

Lakini aibu ilikuwa haijafika. Ile dawa huunguza. Nilijificha nyuma ya tangi la maji, natetemeka, macho yanawaka, na watu watatu wakanijia: Magdalena, baba yake, na, umbali wa fimbo moja, mama yake, ambaye sasa alikuwa amekumbuka desturi na kugeuza uso upande wa vichaka.

"Magdalena," mama akasema, "mwambie mgeni avue nguo zote ajimwagie maji. Dawa itambabua."

"Anasema uvue," akasema Magdalena.

"Mwambie mama siwezi," nikasema.

"Anasema hawezi."

"Mwambie akifa hapa sisi hatutaki kwenda mahakamani."

"Anasema..."

"Nimesikia!"

"Mwambie asinijibu mimi," akasema mama.

Nikavua. Magdalena akageuka akitetemeka mabega (nilidhani analia, masikini mimi), Mzee Ntandu akanimwagia ndoo baada ya ndoo kama anayeogesha beberu, na khanga ya mama mkwe ikarushwa juu ya tangi bila mwenyewe kutazama, ikaniangukia kichwani. Nilirudi Singida katika lori la ranchi, mbele ya familia zote, nimejifunga khanga ya mama mkwe. Watoto waliimba njia nzima. Waliimba ngonjera yangu. Walikuwa wameishika mistari miwili ya kwanza.

Tulipofika Mwankoko, Mzee Ntandu akateremka, akaweka fimbo chini, akanitazama.

"Nilisema nitakutazama mbele ya mifugo. Nimekutazama. Wewe hata kuku usichunge."

Nikainamisha kichwa. Nilijua limekwisha.

"Lakini mama yake Magdalena amekuita mwanangu. Mbele ya watu wote, mara mbili. Neno hilo mimi siwezi kulirudisha mdomoni mwake." Akaokota fimbo yake. "Na kupe huna, hilo nina hakika nalo."

Nikafungua mdomo nimshukuru kwa maneno yanayostahili siku ile. Akainua mkono.

"Harusini utasema neno moja. Padri akikuuliza, utasema ndiyo. Ukiongeza la pili, naondoka na binti yangu."

Nikasema ndiyo. Na kanisani nikasema ndiyo, na kwenye karamu watu walipotaka niseme machache nikatikisa kichwa, na mama mkwe, kutoka chini ya khanga mpya, nasikia alicheka mpaka akashikiliwa.

Riwaya niliimaliza baadaye, jua lilitua. Lakini sijapata tena kusoma shairi mbele ya kiumbe chochote chenye miguu minne, na hotuba ya meneja yeyote, hata iwe ya kusinzisha namna gani, naisikiliza mpaka nukta. Na kama mnafikiri nimesahau, njooni siku moja nyumbani kwangu jioni, mnikute nimeanza kumweleza Magdalena hali ya fasihi ya taifa. Anachukua mwiko, anagonga mfuniko wa sufuria, ko, ko, ko, anatazama mlangoni kama anayengoja wageni. Nami nanyamaza, nakwenda kunawa.