Mashine Iliyorudi Ubaoni

Ukiingia dukani kwa Mathenge pale Nyeri, kitu cha kwanza utakachokiona ni ule ubao wake. Mathenge anakodisha mashine za oksijeni, zile za kuchomeka kwa stima, kwa wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani kabla kifua hakijapona. Kila mashine ina nambari, na kila nambari ina kifuniko chake cha soda. Ubaoni kuna misumari safu tatu: imeitishwa, iko nje, imerudi. Mashine ikihama, kifuniko kinahama. Watu humcheka, wakimuuliza kama anacheza drafti peke yake. Yeye hujibu kwamba mashine ikipotea hapa, kuna mtu anapotea mahali.

Sasa mtu mwenye maneno kama hayo ndiye aliyekosea, na kilichomkosesha ni aibu tu.

Mashine nambari nne ilikuwa Kiriaini, kwa mzee Gicheru. Mzee akafariki. Mathenge alipata habari kanisani, akasikitika kweli, maana alizoea kunywa chai kwa huyo mzee kila alipoenda kusafisha chujio la mashine. Basi nani atampigia mjane simu, watu bado wamejaa nyumbani, amwambie nataka mashine yangu? Huku kwetu hilo halifanyiki. Unanyamaza mpaka wazike. Mathenge akanyamaza. Lakini alisimama mbele ya ubao akawaza, si mwenye kuitumia ameshaenda? Akakitoa kifuniko cha nambari nne kwenye iko nje, akakitundika kwenye imerudi. Mashine yenyewe hakuiona wala hakuigusa. Alijua wakishazika wataileta, kisha kazi zikamzidi akasahau.

Ndipo akapigiwa simu na Marwo, binti wa mzee Abdullahi, mchuuzi wa ng'ombe wa Nanyuki. Mzee alikuwa amelazwa hapo Nyeri mpaka amechoka na kuta, na alichoomba kilikuwa kimoja, alale kwake asikie wajukuu. Daktari alikataa kumwachilia bila uhakika wa mashine.

"Mathenge, uko na moja?"

Mathenge akainua macho ubaoni. "Niko nayo. Imerudi. Nyinyi tangulieni, mimi naileta na gari."

Marwo akatia sahihi karatasi za hospitali. Wakampakia mzee na mtungi wa oksijeni wa kumfikisha nyumbani na akiba kidogo. Mathenge akaingia stoo na kamba ya kufungia mzigo mkononi. Akatazama sakafu. Akasogeza maboksi. Akatoka nje, akarudi kutazama tena, ujinga mtupu, kana kwamba mashine ingeingia yenyewe. Ndipo akakumbuka Kiriaini.

Alimpigia kila mtu wa biashara hiyo, Karatina mpaka Meru. Hakuna aliyekuwa na mashine. Akashika njia ya Othaya kwenda Kiriaini, akiendesha vibaya, akiomba Mungu kwa sauti. Marwo alipopiga kusema wamefika, Mathenge, mtu aliyeokoka, alisema yuko njiani. Hakusema njia gani.

Mjane wa Gicheru, Mama Kihara, alikuwa uani akichambua maharagwe. Akampokea kwa upole, na huo upole ulimuumiza kuliko matusi.

"Pole, mama. Nimekujia ile mashine."

"Ai, Mathenge. Vile hukupiga simu nilijua hauna haraka nayo. Cucu mmoja mzee wa hapo chini alishikwa na kifua siku ile tulizika. Msichana wake akakuja hapa akilia. Ningemwambia nini, ati mashine imepumzika?"

Mathenge akateremka kati ya mashamba ya chai mbio. Kwenye chumba cha mbao alimkuta yule bibi kizee chini ya blanketi, mrija puani, na kando ya kitanda nambari nne ikinguruma kama kawaida yake. Nduta, binti yake, aliangalia kamba mkononi mwa mgeni. Alisogea akasimama mbele ya soketi.

"Stima ilipotea jana," akasema. "Alibadilika rangi. Mzee, tafadhali."

Simu ikalia. Alikuwa Marwo.

"Mathenge, mshale wa mtungi umefika nusu. Utatufikia?"

Hapo akamweleza Marwo yote, kuanzia kifuniko. "Nikiichomoa sasa hivi nitawafikia. Lakini iko na mtu. Niko mbele yake."

Upande wa Marwo watoto walikuwa wakicheka karibu na mtu anayekohoa. Upande huu mashine ilinguruma, na bila shaka aliisikia.

"Ni nani huyo?"

"Ni cucu. Mama ya huyu msichana."

"Usiichomoe," akasema Marwo. "Tutamrudisha baba hospitali na hiyo nusu imebaki. Lakini mimi siwezi kumwambia. Wewe ulisema imerudi, wewe umwambie." Na kabla Mathenge hajajibu, aliipeleka simu kitandani kwa babake.

Mathenge akasikia pumzi, fupifupi, halafu sauti ya mzee iliyojaa furaha.

"Mathenge, umefika? Ingia, ingia. Nimeambia watoto wakufungulie geti."