Kileleni kwa Mama Mkwe

Ndugu zangu, nichekeni tu, maana hata mimi sijamaliza kujicheka.

Juzi mama mkwe aliniita nikamlimie shamba lake huko juu Uluguru, kama ilivyo wajibu wa mkwe. Nikampelekea salamu kwamba homa imenilaza, hata kunyanyuka siwezi. Kumbe niko stesheni ya Morogoro, navizia Wadachi wanaoshuka kwenye gari la moshi kuja kupanda mlima, niwaongoze kwa malipo.

Akashuka mmoja na fimbo yake. "Wewe wajua njia ya kileleni?"

"Bwana, mlima huu nimezaliwa nao!" Mimi huyo, mtoto wa mjini, mlima naujua kwa kuutazama!

Tukapanda. Ukungu ukatufunika hata vidole vyangu sivioni, nikaiachia miguu ichague njia yenyewe. Tulipofika penye tambarare, pumzi zimeniishia, nikatangaza, "Bwana, kileleni ndipo hapa!" Mdachi akatupa kofia juu, akaimba. Nikamdaka mikono, tukaruka na kuzunguka kama vichaa.

Ukungu ukaondoka. Chini ya miguu yetu, maharage yamepondeka. Mbele yetu, nyumba ninayoijua. Ndipo nikakumbuka kwamba njia pekee ya mlimani niliyowahi kupita ni ile niliyoipita nilipokwenda kuposa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, amejifunga kanga ya safari, mkononi mizizi ya dawa ya kuniletea mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Na huyo mwenzio, naye ana homa hiyohiyo? Maana dawa inawatosha nyote wawili."