Fundi wa Vikanyagio vya Mtini Aliyekatazwa Kupanda

Bi Daulat wa ghorofa ya tisa anasema alimwona mtu amejinyonga. Hasemi alidhani. Anasema alimwona.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, amemaliza sala zake, kikombe cha chai kiko mkononi. Akasogea dirishani kutazama bondeni nyuma ya jengo lao hapa Etobicoke, magharibi ya Toronto, kule miti inakoteremka mpaka mtoni. Kwenye mti wa tatu kutoka kwenye uzio, anasema, alikuwepo mwanamume ananing'inia kwa kamba, kichwa kimemwinamia kifuani, hajitikisi.

"Kikombe kilinianguka," anasimulia. "Nikasema, masikini, baridi ya nchi hii imemmaliza na huyu."

Bi Daulat ni mjane, mzaliwa wa Tanga, na amekaa kwenye jengo hilo tangu lifti zake zikiwa mpya. Majirani wanasema hadithi yake huongezeka kila anapoisimulia. Mwanzoni marehemu alikuwa amevaa koti. Siku hizi hana hata viatu, na kuna kunguru begani.

Alipiga simu polisi. Kisha akamgongea jirani wa mlango unaofuata, Katunge, ambaye ni muuguzi, aje amwangalie yule maiti kama bado ana pumzi. Katunge alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Akaja amejifunga kanga, akachungulia, akaliona koti la njano. Alikuwa amelinunua yeye mwenyewe.

"Huyo si maiti," akamwambia Bi Daulat. "Huyo ni Baba Kendi."

Baba Kendi, yaani Murithi Mutuma, mumewe Katunge, alikuwa mzima kabisa. Kichwa alikiinamisha kwa sababu alikuwa anatazama miguu yake. Kiunoni alijifunga mkanda mpana wa kukalia, ule wanaotumia wawindaji, umefungwa kwa kamba kwenye shina. Chini ya nyayo zake palikuwa na kibati cha alumini kisichozidi sinia ya chai, alichokitengeneza kwa mikono yake.

Polisi walipofika walimwomba ashuke. Akashuka polepole, akaeleza, akaonywa kuhusu miti ya bondeni. Walipokuwa wanaondoka, askari mmoja alirudi nyuma akamuuliza kibati kama kile kinapatikana wapi.

Hayo yalitokea miaka miwili iliyopita. Leo vibati hivyo vinapatikana, watu wanavinunua, na jina la fundi wake linatajwa na wawindaji wa mbali asiowajua. Ila tangu Jumapili ile, Murithi hajapanda mti tena. Aliahidi nyumbani.

*

Saa moja na nusu asubuhi, Murithi yuko karakana, kwenye safu ya maghala yaliyo nyuma ya barabara kuu, upande huohuo wa magharibi wa Toronto. Mlango wa chuma umeinuliwa nusu. Redio inaongea Kifaransa. Amekalia ndoo iliyopinduliwa, amebana kikanyagio magotini, na anakipapasa ukingoni kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto.

Anachotafuta ni sauti.

Kikanyagio ndilo jina alilolichagua yeye. Mwindaji wa kulungu huku hupanda mti, akajifunga ule mkanda wa kukalia, akaning'inia humo saa nyingi bila kusema neno. Miguu yake inahitaji pa kusimama. Kibati kikiwa kizito, kitamchosha njiani, maana hukibeba mgongoni pamoja na kamba, upinde na nguo za baridi. Kikiwa chepesi mno, kitapinda. Na kikilia, hata mara moja, kulungu ameondoka.

"Mimi mwenyewe sijawahi kuwinda," anasema Murithi na kucheka. "Kwetu ningewinda ningefungwa. Huku wana leseni, wana mpaka sabuni ya kuondoa harufu ya mtu. Mimi nawapa pa kukanyaga, basi."

Ana miaka arobaini na mmoja. Alipofika Toronto aliishi chumba cha chini ya nyumba na wanaume wengine wanne, akazoa theluji kwa koleo kwenye maegesho ya magari baridi yote ile ya kwanza. Kazi ya kuchomelea aliipata baadaye, kwa Yvan, mzaliwa wa Lubumbashi mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Karakana yao hutengeneza reli za ngazi. Murithi hulipwa dola ishirini na saba kwa saa, na hana malalamiko.

"Reli nimetengeneza nyingi sana," anasema. "Watu wanazishika wakipanda na kushuka. Lakini kila moja ilikuja na mchoro wa mtu mwingine. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye hiki kichwa."

Kikanyagio kilitoka kwenye kichwa chake. Yvan, ambaye alifundishwa kuwinda na wakwe zake wa huku, alikuja siku moja na kibati cha kununua dukani, analalamikia uzito wake. Murithi akakipima mkononi, akakigeuza, akamwambia nusu ya chuma kile haina kazi. Yvan akamwambia basi atengeneze chake.

Murithi alijiamini kwa sababu miti aliijua. Amekulia Igembe, Meru, kwenye shamba la miraa, na alikuwa mchumaji kabla hajajua kunyoa ndevu. Mchumaji wa miraa hupanda miguu mitupu. Hulikumbatia tawi, goti huku na goti huku, kifua kimegusa gome, na mkono mmoja unachuma vichipukizi vyekundu huku mwingine haujaachia mti. Anayejitenga na mti ndiye anayeanguka. Hilo aliambiwa na baba yake hata kabla ya kuambiwa asome.

Kwa hiyo alitengeneza kibati chembamba, laini kingoni, na nguvu yote akaiweka nyuma, pale kinapokutana na shina. Akakifunga kwenye nguzo ya karakana, akapanda, akaikumbatia nguzo. Kibati hakikutikisika. Akaruka juu yake. Kimya.

Akamwita Yvan kwa fahari.

Yvan akavaa mkanda wake wa kukalia, akafunga kamba juu, akakanyaga. Kisha akafanya kile wawindaji wanachofanya. Akaiegemea kamba kwa makalio, akajitupa nyuma mbali na nguzo, miguu ikausukuma ukingo wa kibati. Kibati kikazunguka nguzo kama kofia kichwani, miguu ikakosa pa kukaa, na mwenye karakana akabaki ananing'inia nusu mita kutoka sakafuni kama gunia kwenye mizani.

"Papa Murithi," akasema alipomaliza kucheka, "hii umetengenezea nani? Nyani?"

Murithi anakumbuka alikaa chini, akatazama kile kibati muda mrefu. Alikuwa ametengeneza kikanyagio cha mchumaji wa miraa. Kilimfaa mtu anayeshikamana na mti, na wateja wake ni watu wanaojitenga nao.

"Nikaona siwezi kumtengenezea mtu pa kusimama kama sijasimama anavyosimama yeye," anasema. "Mwili wangu ulikuwa unakataa kabisa kuegemea nyuma. Ilibidi niufundishe."

Ndiyo sababu Jumapili ile aliazima mkanda wa Yvan akaenda bondeni. Alitaka kujifunza kuuachia mti. Aliuachia, akajitupa nyuma, akainamisha kichwa kutazama uzito wake unaenda wapi. Akauona. Unaenda kwenye kingo za pembeni, hasa anapogeuka. Wakati huo huo Bi Daulat alikuwa anaangusha kikombe.

Wiki iliyofuata alikunja zile kingo juu kidogo, mwindaji apate pa kugandamiza ubavu wa kiatu. Nyuma akaweka meno mafupi ya kuuma gome bila kulichana. Katikati akatoboa matundu kupunguza uzito. Yvan akajitupa nyuma, akageuka kushoto, akageuka kulia. Kikatulia.

Walikipa jina Mama Daulat.

Mwenye jina alipoambiwa alinuna siku mbili. Sasa akikutana na Murithi kwenye lifti humuuliza, mbele ya watu, "Mwezi huu nimeuzwa mara ngapi, mwanangu?" Msimu uliopita aliuzwa mara sitini na kitu. Kwa kila kimoja Murithi hupata dola kumi na tano juu ya mshahara, na fedha hizo zimemlipia Kendi, binti yao wa miaka tisa, masomo ya kuogelea.

*

Katunge hakucheka Jumapili ile. Anafanya kazi kwenye wodi ya waliovunjika mifupa, na hadithi za miti huzipata kutoka upande wa pili.

"Kila mwaka majani yakianza kuanguka, na wanaume nao wanaanza," anasema, huku akipakua githeri kwenye kibakuli cha kwenda nacho zamuni. "Mgongo, nyonga, kisigino. Wote wanakwambia walikuwa waangalifu. Mimi ndiye ninayewageuza kitandani. Sasa nichungulie dirishani nione koti langu la njano liko juu ya mti? Hapana."

Wakati ule hakupiga kelele. Alimwambia mumewe kwamba atengeneze anavyotaka, lakini kusimama juu yake awaachie wengine. Murithi akakubali, na hajavunja neno lake. Tangu hapo anayepanda ni Yvan, kwenye shamba la rafiki yake kaskazini ya jiji, na Murithi husimama chini akiuliza maswali.

Ndipo lilipo tatizo la mwaka huu. Kile anachokipapasa magotini kila asubuhi ni kikanyagio kipya. Kina uzito chini ya kilo moja. Kimekunjwa kutoka bati moja, hakina hata bolti, na Murithi hajawahi kutengeneza kitu anachokipenda hivi. Lakini kinalia. Si kila mara. Mtu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, polepole, mahali fulani kinatoa sauti ndogo ya ulimi unaogonga kaakaa.

"Iko nalia, papa," Yvan humwambia kutoka juu.

"Wapi?"

"Hapa chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya miguu."

Murithi anasimulia haya bila hasira, akitikisa kichwa. Yvan ni mzito. Akishakanyaga, kila kitu kimekandamizwa, na sauti imepita kabla hajajua imetokea kwenye kidole au kwenye kisigino. Wamejaribu mpira, wamejaribu utepe, wamebadilisha mkanda wa kukazia.

"Mguu wa mtu mwingine hauniambii kitu," anasema. "Nipe dakika chache tu juu yake, viatu nimevua. Nitaisikia kwa unyayo."

Yvan amesema wazi kwamba hatakata bati za msimu huu kwa kitu kinacholia. Mwishoni mwa mwezi, kama hakijanyamaza, mashine itarudi kwenye reli za ngazi na Mama Daulat ataendelea peke yake. Hakuna atakayefukuzwa kazi. Murithi hatakosa chakula. Atakosa hicho kimoja tu.

Ruhusa ya kupanda alijaribu kwanza kuipata kupitia mlango wa nyuma. Alimwambia mkewe kwamba kipya angependa kukiita Katunge.

"Usiliweke jina langu chini ya viatu vya watu," Katunge akamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

*

Alhamisi jioni, nyumbani kwao, Katunge anajiandaa kwenda zamu. Jua bado liko upande wa bondeni, na miti ya kule chini imeanza kuwa na rangi ya chai. Kendi yuko chumbani, anaulizwa kwa Kiswahili kama amemaliza kazi ya shule na anajibu kwa Kiingereza kwamba bado. Kikanyagio kipya kiko kwenye zulia karibu na mlango, kimeng'arishwa.

Murithi anasema alichopanga kusema. Jumamosi Yvan anakwenda shambani. Kuna mti mmoja pale, mnyoofu. Hataki kwenda juu, anataka kupanda kimo cha meza tu, chini yake nyasi. Na anataka Katunge aje.

"Wewe ndiye utakayeshika kamba," anamwambia. "Ukiniambia shuka, nitashuka. Hata kama sijaisikia bado. Mama Kendi, niruhusu mara hii moja."

Katunge anafunga kibakuli. Anakitazama kile kibati, kisha anakiinua kwa vidole viwili, kama mtu anayeshangaa wepesi wa mfuko aliodhani umejaa. Anakirudisha zuliani. Anapanda juu yake na viatu vyake vyeupe vya wodini, anasimama kidogo, mkono mmoja ukutani. Anauhamishia uzito mguu wa kushoto, polepole. Kisha wa kulia.

Kibati kinanyamaza. Zuliani huwa hakilii.

Anashuka, anachukua mkoba wake, anauliza kama chumvi imebaki au ataipitia dukani asubuhi akirudi. Murithi anasema imebaki. Katunge anamwambia Kendi asilale na simu. Mlango unafungwa, na kwenye ukumbi wa nje anasikika Bi Daulat akimuuliza kama mumewe amepona miti.

Murithi, ambaye hajaambiwa ndiyo wala hapana, anakaa chini kando ya kikanyagio. Kwenye alumini iliyong'arishwa kumebaki alama mbili za nyayo za muuguzi, moja imekolea kidogo kuliko nyingine. Kitambaa cha kung'arishia kiko mfukoni mwake. Hakitoi.