Siku Nne Nikitafuta Neno Moja

Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili. Nimeuza mbuzi Tseikuru, nimepaka nyumba rangi Kitui mjini, nimetengeneza simu karibu kila kituo cha barabara ya Mombasa. Mwaka huu, nikiwa na miaka arobaini na mitatu, nilirudi Kasikeu kwa dada yangu mkubwa, aliyebaki katika boma la wazazi wetu, nikaanza tena kutengeneza simu sokoni. Kufikia mwezi wa tatu roho ilishaanza kunituma barabarani.

Ndipo nikaona tangazo kwenye simu. Mwalimu mmoja mjini Kitui alikuwa anafungua darasa la usalama wa kompyuta, mwaka mzima, na hakuuliza cheti zaidi ya kile cha kidato cha nne. Alikuwa ameandika programu ndogo yenye neno la siri ndani. Ukilipata, ulipeleke mwenyewe pamoja na maelezo ya jinsi ulivyolipata. Nafasi zilikuwa sita, za watakaotangulia kufika, na mlango ungefungwa Ijumaa saa sita mchana. Nilimwambia dada kwamba nikipata nafasi hiyo nitatulia, nisome Kitui siku za kazi na nirudi nyumbani wikendi. Nikiikosa, naenda. Hakubishana. Alisema tu kwamba amechoka kuulizwa kanisani niko wapi na kukosa jibu.

Nilianza Jumatatu. Kwenye laptopu yangu kuukuu ya kazi, programu ilifungua dirisha jeusi ikaandika, "Weka neno." Niliandika la kwanza lililonijia. Ikajibu, "Sivyo." Ili ujue inataka nini, lazima uifungue na kuisoma kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na mashine yenyewe. Humo hakuna sentensi. Kuna amri fupi fupi, moja kila mstari: chukua namba hii, iweke pale, ilinganishe na ile, zikilingana ruka hadi mstari fulani. Amri hizo nilikuwa nimejifunza kwenye masomo ya bure niliyofuata kwa simu, kwa hivyo sikuogopa. Nilichukua daftari, nikaanza mstari wa kwanza.

Hilo ndilo lilikuwa kosa, na nililelewa nalo. Nyumbani kwetu Biblia ilisomwa kila jioni baada ya chakula, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha tunaanza upya. Baba hakutaka kuruka. Majina ya mababu, hesabu ya makabila, vipimo vya mapazia ya hema, vyote tulivisoma kwa zamu, yeye akisikiliza amefumba macho, nami niliamini kwamba mstari mmoja ukipotea angejua. Programu nikaisoma vivyo hivyo. Jumatatu nzima, Jumanne nzima, simu za watu zimelala kwenye boksi bila kuguswa. Amri moja ilinipeleka kwa nyingine, nyingine ikanirudisha nilikotoka. Umeme ulipopotea nilikaa nikitafuna kalamu. Jumatano jioni daftari lilikuwa limejaa na sikuwa nimeona popote panapohusu neno lolote. Kwa hasira niliandika neno ambalo singelitamka mbele ya dada. Sivyo.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya mwethya. Hilo ni kundi la kazi, wanawake kumi na kitu wa kanisa letu, wanaozunguka boma hadi boma wakichimbiana mitaro ya kuzuia mvua isibebe udongo. Wakija kwako, hakuna mtu wa boma anayekaa. Niliomba ruhusa ya kubaki na programu hadi adhuhuri. Mwenyekiti wao, mama mwenye sauti ya kwaya, akaniuliza kama hiyo kompyuta ndiyo itakayozuia maji. Nikachukua jembe. Kila niliposimama kupumua walikumbushana kwa sauti kwamba mzee wa kompyuta amekwisha chaji.

Wakati wa uji, dada aliniuliza kwa nini nina uso wa mtu aliyefiwa. Nikamweleza juu ya daftari zima lisilo na kitu. Akauliza nilianzia wapi. Nikasema mwanzo, kama tulivyofundishwa. Akautazama uji wake.

"Mimi nilikuwa naruka," akasema.

"Ulikuwa unaruka nini?"

"Majina. Zamu yangu ikifika nafungua mbele. Baba hakujua kusoma, angejuaje?"

"Na hukuniambia?"

"Ungenisemea. Wewe ulikuwa unasoma yote, hata namba za kurasa."

Wanawake walicheka hadi uji ukamwagika. Mwenyekiti akasema sasa ameelewa kwa nini mmoja ana shamba na mwingine ana daftari. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiwaza juu ya jioni zote zile, na siku tatu zile, nikashindwa kujua zipi ziliniuma zaidi.

Tulimaliza saa tisa. Nilifungua laptopu na matope mikononi. Safari hii nililitafuta hilo "Sivyo" lenyewe ndani ya programu, nikaona mstari unaoliita, nikarudi nyuma mistari kama ishirini. Yote yalikuwa hapo. Nilichokuwa nikisoma siku tatu ni maandalizi ya mashine tu, kabla kazi ya mwalimu haijaanza. Karibu na hapo palikuwa na herufi saba, vxixuld. Nikaziandika mbio. Sivyo. Nikasoma tena polepole: kila herufi niliyoandika, ambayo kwa mashine ni namba tu, programu iliiongeza tatu kabla ya kuilinganisha na zile saba. Nami nikaongeza tatu kwa kila moja ya hizo saba, nikapata kitu chenye mabano katikati. Sivyo. Niliitukana nusu saa nzima ndipo nikaelewa kwamba nilipaswa kupunguza. V ikarudi kuwa s, x ikawa u, hivyo hivyo hadi mwisho.

Sufuria.

"Ndivyo. Karibu," ikaandika. Sikuona furaha yoyote. Nilitaka tu kumuuliza huyo mwalimu kwa nini sufuria.

Ijumaa nilikuwa Kitui kabla ya saa nne. Mwalimu alikuwa kijana, labda wa miaka thelathini. Alisoma maelezo yangu yote, hata ya Jumatatu, akasema ni kazi safi. Kisha akanionyesha orodha. Wa sita alikuwa amefika jana saa tano, mimi nikiwa mtaroni. Nikamwambia neno ni hilo. Akasema anajua, na la wale wengine pia ni hilo. Januari kungekuwa na darasa lingine, na waliolipata wangeitwa kwanza. Akanisogezea karatasi.

"Utakuwa wapi mwezi wa kwanza, mzee?"

Begi langu lilikuwa begani. Nguo zangu zote zilikuwa humo, na dada hakujua. Nilisimama na kalamu nikifikiria mahali ninapoweza kuwa Januari. Palikuwa na mahali pane au patano, na hakuna hata mahali pamoja ambapo mtu angenipata akiniulizia. Nilikasirika kwamba swali jepesi hivyo linanishinda. Nikaandika Kasikeu, na namba ya simu ya dada, nikikandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Kijana aliinyanyua, akaliona tundu, akaniuliza kama ningependa karatasi nyingine.

"Hapana," nikasema. "Inasomeka."